Utampa Rafiki Yako Nyimbo Gani?

Katika Niania barabara tatu zinakutana: ya Kisangani, ya Bunia, na ile inayopanda Wamba mpaka Isiro. Wenye kupita ni wengi: wachuuzi, wenye pikipiki, vijana wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu na wale wanaorudi. Kila mmoja anapita na nyimbo zake. Zamani zilikuwa katika kaseti. Kiisha sidi zikaja. Leo ziko katika simu na katika kadi memori, ile ndogo sawa na ukucha.

Wewe kijana unayesoma, labda hata wiki hii umemwambia mwenzako: "Nitilie nyimbo." Ni jambo la kawaida. Lakini kumgawia rafiki nyimbo ni kumpa kitu kitakachoingia moyoni mwake na kukaa humo. Kwa hiyo tuulizane: unampa nini, na kwa namna gani?

ZAMANI NAFASI ILIKUWA NDOGO

Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, basi. Aliyetaka kumchanganyia rafiki nyimbo alikaa karibu na radio-kaseti, akahesabu dakika, akachagua. Alirudisha kaseti kwa biki ili mabetri yasiishe mbio. Alipomaliza alivunja kale kaplastiki ka juu ili mtu asije akafuta kazi yake. Mwisho akaandika majina ya nyimbo kwenye karatasi ya ndani. Rafiki aliyepokea alijua: huyu amenifikiria.

Sidi ilianza kuuzwa mwaka 1982. Ile ya kujirekodia ilichukua dakika 74, baadaye 80. Hapo pia ilibidi kuchagua.

Leo kadi moja ya giga 4 inaweza kubeba karibu nyimbo elfu moja. Mtu akisikiliza saa moja kila siku, atahitaji zaidi ya miezi miwili kuzimaliza. Rafiki yako atasikiliza zipi? Kumpa mtu nyimbo elfu ovyo ovyo ni kama kumwaga gunia la mchele mbele ya mgeni. Mchele ni mwingi, ndiyo, lakini hujampikia.

DISKI ILIYOTUMWA MBALI KULIKO ZOTE

Ndugu msomaji, hapa iko habari inayotuhusu sisi watu wa msitu wa Ituri.

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager 1 na Voyager 2, kwenda kuchunguza sayari za mbali. Katika kila chombo walitia diski ya muziki. Ninyi wa machimbo mtapenda kusikia ilitengenezwa na nini: ni shaba iliyopakwa dhahabu. Mtaalamu Carl Sagan na wenzake waliambiwa kuchagua sauti za dunia yetu, kama siku moja viumbe wengine wataikuta. Nafasi ya muziki ilikuwa dakika 90 hivi, kwa dunia nzima!

Wakachagua vipande 27. Vimo vya Bach, Mozart na Beethoven, vimo vya Louis Armstrong na Chuck Berry. Na kimo kimoja cha kwetu, chini ya dakika moja: wimbo wa mabinti Wambuti wa msitu wa Ituri, ule wanaouimba binti anapofikia kuwa mwanamke. Aliyerekodi ni Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti upande wa Epulu, kwenye barabara hii hii yetu ya kwenda Mambasa. Wakatia pia salamu katika lugha 55, na Kiganda cha majirani wetu kimo.

Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Hakuna kitu kilichotengenezwa na watu kilichofika mbali hivyo. Na ndani yake iko sauti ya wasichana wa msitu wetu.

Tujiulize basi. Hapa kwetu, kuna watu ambao bado wanamdharau Mmbuti. Wanamlipa kidogo kwa kazi, wanamwita majina mabaya, hawataki kukaa naye benchi moja. Waliochagua kwa ajili ya dunia nzima waliona uimbaji wake unastahili kukaa karibu na Bach. Sisi majirani tulikuwa na masikio ya nini?

Iko na neno la pili. Katika orodha ya diski ile, jina la Bach limeandikwa, na la Beethoven pia. Kwa wimbo wa Ituri limeandikwa jina la aliyerekodi. Majina ya mabinti walioimba hayamo. Sauti yao imekwenda mbali kuliko sauti zote, na hakuna anayeweza kusoma katika orodha ile walikuwa nani, watoto wa nani. Tusifanye hivyo kwa wale wanaotuimbia.

UTAFANYA JE?

1. Fikiri mtu kwanza. Ni nani? Amefiwa? Anafunga ndoa? Yuko peke yake kwenye karieri? Chagua nyimbo kwa ajili yake, si kwa kujionyesha.

2. Usipite nyimbo kumi na tano. Anza na moja anayoijua, ndipo umletee asizozijua. Ya mwisho iwe ile unayotaka abaki nayo.

3. Tia sauti ya jirani. Wimbo wa Kindaka, wa Kibudu, wa Kinande, wa Wambuti. Lakini wimbo unaotukana kabila la mtu, hata kama ngoma yake ni tamu, uache. Vita vya miaka 1999 mpaka 2003 vilitufundisha maneno ya namna ile yanazaa nini.

4. Andika majina. Nani anaimba, kwaya gani, parokia gani, mwaka gani. Karatasi ndogo inatosha. Ukirekodi watu kwa simu, waombe ruhusa na uwaulize majina yao.

5. Usiibie waimbaji. Kwaya inayouza sidi yake imelipa studio, mafuta ya jenereta na safari. Mwonjeshe rafiki wimbo mmoja, halafu mwambie pa kununua. Kunakili sidi nzima na kuiuza sokoni ni wizi, na sheria ya nchi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi.

KWENU WAZAZI

Baba na mama, msiseme tu "Zima kelele hiyo!" Ketini, sikilizeni pamoja na mtoto, mmwulize: wimbo huu unakuambia nini? Paulo aliwaandikia Wakolosai wafundishane na kuonyana kwa zaburi na nyimbo (3:16). Mtoto akiona unasikiliza zake, atasikiliza zako.

Ninyi pia mpangieni mtoto aliye mbali nyimbo zake: ule wa siku ya ubatizo wake, ule wa harusi yenu, na sauti ya bibi akiimba jikoni. Mrekodini bibi mapema, angali na nguvu. Na jina lake liandikeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

• Ni wimbo gani mmoja wa kwetu ungetaka watu wa mbali wausikie? Kwa sababu gani?
• Unajua jina la aliyeutunga? Nani kijijini anaweza kukuambia?
• Katika simu yako iko wimbo ambao usingependa jirani wa kabila lingine ausikie? Utaufanya nini?