Kuzuru Bustani ya Maua Wakati Isipochanua

Mtu apitaye Kitisuru mwezi wa Oktoba hana haja ya kuambiwa kwamba hapo ni mahali pa bustani. Mijakaranda huwa imejaa maua ya rangi ya zambarau, na yale yaliyoanguka hufunika njia hata lami isionekane. Lakini mtu yule yule akirudi mwezi wa Julai atakuta mawingu mazito, umande usiokauka mpaka saa nne, na vitanda vya udongo mtupu ambavyo kwa macho yake vimetupwa bila mtunzaji. Ndiyo sababu wengi huahirisha ziara zao, wakisema kwamba bustani haina kitu. Neno hilo lastahili kuchunguzwa, kwa maana limesababisha mimea mingi mizima kung'olewa na maji mengi kumwagwa bure.

Mtaa wa Kitisuru uko kaskazini-magharibi ya mji wa Nairobi, kupita Westlands, katika nchi ya udongo mwekundu wenye kina na mabonde ya vijito. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo, pamoja na ya majirani zake Loresho na Spring Valley, ilikuwa mashamba ya kahawa kabla ya kugawanywa kuwa viwanja vya nyumba.

Kwanza yapasa kufahamu kwamba mapumziko ya mimea ya huku si sawa na yale ya Ulaya. Mjini London, mwezi wa Desemba, jua huonekana kwa muda usiotimia saa nane kwa siku, na baridi huua majani. Kitisuru iko karibu mno na mstari wa Ikweta, na urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Kinachoipumzisha mimea ya huku ni upungufu wa maji, na katika miezi fulani upungufu wa jua. Basi bustani ya Nairobi ina vipindi viwili vya kupumzika. Cha kwanza ni kiangazi cha Januari na Februari, ambapo jua ni kali na ardhi hukauka. Cha pili ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambacho Wakikuyu hukiita gathano. Wakati huo udongo wa chini bado una unyevu wa masika, lakini mawingu hulizuia jua.

Mfano ulio bora ni wa yungiyungi moja jekundu la porini, liitwalo na wataalamu Scadoxus multiflorus. Mvua za masika zinapoanza, shina lake hutokeza ardhini likiwa limebeba maua madogo mengi yaliyokusanyika kuwa tufe moja kama mpira. Majani hufuata, hustawi kwa miezi kadhaa, kisha hunyauka na kupotea kabisa. Juu ya ardhi hapasalii hata alama. Chini, hata hivyo, limo tunguu lililohifadhi chakula chote kilichotengenezwa na majani yale. Mwenye nyumba aonaye kitanda kitupu humwamuru mtumishi apalilie na kupanda kitu kingine, na jembe hukata tunguu vipande viwili. Au, kwa huruma isiyo na maarifa, huagiza kitanda kimwagiwe maji kila jioni, na tunguu lililolala katika tope huoza. Mtunza bustani mzoefu huchomeka kijiti mahali hapo majani yangali mabichi, ili apajue yatakapotoweka. Mgeni aonapo vijiti vya namna hiyo katika udongo mtupu, na ajue kwamba amefika kwa mtu aijuaye kazi yake. (Tunguu hilo lina sumu, kwa hiyo watoto wasiachwe kulichezea.)

Miti nayo hudanganya macho. Kabla ya kuchanua, mjakaranda hupukutisha majani yake, na mtu mgeni katika nchi hii huweza kudhani kwamba umekufa. Mti huo asili yake ni Amerika ya Kusini, nao umeizoea Nairobi vizuri sana. Muhuti, ambao ni mti wa nchi hii hii, huchanua maua yake mekundu juu ya matawi yasiyo na jani hata moja, katikati ya ukame. Ndege aina ya chozi huujia kwa wingi, kwa sababu wakati huo maua mengine ni machache. Mbogenvilia, uliotoka Brazili, huchanua vizuri zaidi ukionja kiu kidogo. Ukinyweshwa kila siku huzidisha majani na kupunguza rangi. Na hiyo rangi yenyewe ni ya majani membamba yanayozunguka ua, ambalo ni dogo na jeupe. Peter Greensmith, aliyezisimamia bustani za jiji la Nairobi kuanzia mwaka 1947, aliueneza sana mmea huo kandokando ya barabara kuu, na uvumilivu wake wakati wa kiangazi umethibitika tangu hapo.

Mawaridi yana shauri jingine. Huku hayapati majira ya baridi kali ya kuyalaza, basi mtu hana budi kuyalazimisha kupumzika kwa kuyapogoa. Mwaridi uliopogolewa huonekana kama fimbo zilizochomekwa ardhini, na mgeni huweza kumhurumia mwenye bustani. Lakini kwa kawaida maua hurudi baada ya majuma sita hadi manane.

Wakulima wa kahawa, waliotangulia katika ardhi hiyo ya Kitisuru, walilijua jambo hili kwa hesabu ya fedha. Vichipukizi vya maua ya mbuni hufanyika, kisha husimama bila kukua. Vyahitaji kuona ukame kwanza. Mvua nzuri inyeshapo baada ya ukame huo, vyote huamka pamoja, na baada ya siku nane hadi kumi hivi shamba zima huwa jeupe na kunukia kama asumini. Mbuni usiopata kiu huchanua kidogo kidogo, na matunda yake huiva kwa nyakati mbalimbali, jambo ambalo ni hasara kwa wachumaji.

Suala la maji lina uzito zaidi siku hizi. Tangu mwaka 1947 wa Bwana Greensmith mji umekua mara nyingi, na mwaka 2017 Nairobi iliingia katika mgao wa maji baada ya mvua kupungua na bwawa la Ndakaini kushuka. Ni vigumu kuona sababu ya kunywesha tunguu lililolala hali mitaa mingine inasubiri zamu ya mfereji.

Bustani nyingi za Kitisuru ni za watu binafsi, nyuma ya ua wa kayaba, na asiyealikwa hawezi kuingia. Aliye na hamu aweza kwenda katika Bustani ya Miti ya Nairobi, iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti itakayofaa kwa kuni za magari ya moshi. Ina eneo la hektari 30 hivi, nayo iko wazi kwa kila mtu kwa kiingilio kidogo. Yafaa kwenda Julai, asubuhi, na koti. Mgeni na atazame chini kuliko juu: kama udongo umetandazwa majani makavu, kama matawi yamekatwa kwa mshazari juu ya jicho, kama mbegu zimekusanywa kabla ya kumwagika. Tena asione haya kumwuliza mtunza bustani kuhusu kitanda kitupu. Mwezi wa Oktoba mtu huyo huwa na wageni wengi wa kupiga picha. Mwezi wa Julai ana nafasi ya kujibu.