Dizeli Ikigoma Asubuhi, Tazama Moshi Kwanza

Mwezi wa 6 ukishaingia, hapa Makambako simu yangu huanza kuita kabla jua halijachomoza. Anayepiga huwa mtu wa viazi au mbao aliyelala Njombe au Makete, na Hilux yake inazunguka stata bila kuwaka. Wengi hunipigia wakiwa na jibu mkononi: "Fundi, pampu imekufa." Pampu ya dizeli ni kifaa ghali kuliko vyote kwenye mfumo wa mafuta, na mara nyingi haina kosa lolote. Mimi humuuliza: "Ulipopiga stata, moshi ulitoka?"

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni hubana hewa mpaka ipate joto la nyuzi mia kadhaa, nozeli inapuliza dizeli ndani, nayo inawaka yenyewe. Kwenye injini ya 3L, ile ya lita 2.8 iliyojaa kwenye Hilux za zamani, hewa hubanwa zaidi ya mara 22. Kwa hiyo injini inadai vitu vitatu: stata yenye nguvu, joto, na dizeli isiyo na upepo. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, chuma kimelala kwenye baridi, na gari lililokuwa likiwaka Dar es Salaam bila shida huanza kusema ukweli wake.

Sikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito, usifungue chochote, chukua mita. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12 imekaribia kuisha. Mtu apige stata ukiwa unatazama: volti zikianguka chini ya 9.6, shuku betri. Zikibaki juu na stata bado inakokota, safisha vichwa vya betri na ukaze waya wa hasi unaoshika bodi na injini.

Stata ikiwa nzima, nenda nyuma ukatazame eksozi.

Moshi mweupe ukitoka wakati injini inazunguka, dizeli inafika ila haiungui. Kilichokosekana ni joto. Anza na hita plagi. Injini hii inazo 4. Fungua bati linaloziunganisha, kisha pima kila moja kwa mita: nzima husoma omu 1 au pungufu, iliyokatika haisomi kitu. Zote zikiwa nzima, tazama kama umeme unafika kwenye bati swichi ikifunguliwa. Huenda fyuzi au rilei ndiyo imegoma. Ukinunua mpya, linganisha namba na volti zilizoandikwa, usitazame uzi peke yake. Kuna mifumo ya Toyota inayotumia plagi za volti 6, na ukizifunga kwenye umeme wa volti 12 zinaungua mara moja. Hita zikiwa safi na moshi bado mweupe, pima kompresheni: valvu zimebana au ringi zimechoka.

Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Fungua swichi usikilize pampu: swichi ya kukata mafuta iliyo juu yake inapaswa kulia "tak". Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye filta mpaka iwe ngumu, upige stata tena. Ikiwaka papo hapo, gari linavuta upepo usiku, na likiegeshwa pua ikitazama mlimani hali huwa mbaya zaidi. Usitafute matone chini. Njia hii inavuta, kwa hiyo mpira uliopasuka huingiza hewa bila kumwaga dizeli. Kagua vipira vidogo vya kurudisha mafuta kwenye nozeli, klipu, na oringi ya filta. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ukikifunga kati ya filta na pampu, kitakuonyesha mapovu.

Gari linalowaka vizuri asubuhi halafu likagoma likiwa la moto ni kesi nyingine. Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, subiri kidogo, jaribu tena. Likiwaka, hapo pampu imejitaja: imelika ndani, na dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvujia humo humo. Pampu ya aina hii hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, ndiyo maana mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huimaliza.

Kuna njia ya mkato ya kuziba njia ya hewa kwa kitambaa chenye petroli. Achana nayo. Hita zikiwa za moto, mlipuko wake unaweza kupasua pistoni. Na mwenye Hilux ya D-4D asilegeze mabomba ya nozeli injini ikizunguka; presha ya humo hupita baa 1,000, na dizeli inatoboa ngozi. Hilo ni gari la kupima kwa mashine.

Ukimpigia fundi, mwambie mambo manne: stata inazungukaje, moshi ni wa rangi gani, gari ni la baridi au la moto, na pampu ya mkono imesaidia au la. Atakayekuambia ununue pampu kabla ya kuuliza hata moja kati ya hayo, mshukuru kwa muda wake, utafute mwingine.