Kisukari kinachonyemelea watu wazima: Vidonge vinaposhindwa, mgonjwa si wa kulaumiwa

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Kidichi, kaskazini mwa Mji wa Zanzibar, inajulikana kwa wageni kwa mambo mawili: hamamu ya Kiajemi iliyojengwa mwaka 1850, wakati wa utawala wa Seyyid Said bin Sultan, na mashamba ya viungo yaliyoizunguka. Kwa wenyeji, Kidichi ni mahali pa kazi: kuparaga mikarafuu, kuchuma iliki na pilipili manga, kubandua magome ya mdalasini na kubeba mizigo hadi barabarani. Kazi hiyo haimwachi mtu kunenepa ovyo.

Tuchukue mfano wa mkulima wa eneo kama hilo, mwenye umri wa miaka 38, mwembamba na mchapakazi. Anaanza kuhisi kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku. Kituo cha afya kinampima, sukari imepanda, naye anapewa vidonge pamoja na nasaha za chakula. Kwa miezi kadhaa hali inatengemaa. Kisha sukari inapanda tena, dozi inaongezwa, na kidonge cha pili kinafuata. Baada ya miaka miwili suruali zinamvuka. Nyumbani anashukiwa kula halua kwa siri, kliniki anahimizwa kufuata masharti anayoyafuata tayari, na mwisho anakata tamaa, anaacha vidonge na kujitegemeza kwa chai ya mdalasini.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mwenendo wake unafahamika vyema katika elimu ya tiba. Inawezekana kabisa kwamba mkulima huyo hajavunja sharti lolote, bali ana aina ya kisukari ambayo vidonge pekee haviwezi kuidhibiti kwa muda mrefu.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Kongosho, kiungo kilichopo nyuma ya tumbo la chakula, lina chembe hai ziitwazo beta ambazo hutengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoruhusu sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli na viungo vingine ili itumike kama nishati. Bila ya insulini, sukari hurundikana katika damu huku mwili ukibaki na njaa.

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauipokei ipasavyo, na kongosho huchoka taratibu. Katika aina ya kwanza, mfumo wa kinga ya mwili hukosea na kuzishambulia chembe za beta hadi zikaisha. Aina hiyo huhusishwa zaidi na watoto na vijana, na kwao mara nyingi hujitokeza kwa ghafla.

Baina ya hizo mbili ipo hali inayojulikana kwa kifupi kama LADA, ambayo baadhi ya watu huiita aina ya moja na nusu. Hapa pia kinga ya mwili huzishambulia chembe za beta, lakini mashambulizi huenda polepole, kwa miezi au miaka, na humpata mtu akiwa mzima, kwa kawaida baada ya umri wa miaka 30. Kwa kuwa chembe kadhaa huwa bado zinafanya kazi siku anapogunduliwa, vidonge humsaidia kwa muda, na hivyo huhesabiwa kuwa mgonjwa wa aina ya pili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliipa hali hii nafasi yake katika mpangilio mpya wa aina za kisukari, likiiweka miongoni mwa aina mseto.

Ujuzi huu haukuja kwa siku moja. Mwaka 1974 watafiti wa London waligundua katika damu ya baadhi ya wagonjwa kingamwili zinazolenga chembe za kongosho. Baadaye kingamwili hizo zilionekana hata kwa watu wazima waliokuwa wakitumia vidonge tu. Mwaka 1997 ulichapishwa uchunguzi wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 3,672 waliokuwa wametambuliwa kuwa na aina ya pili. Takriban mmoja katika kila kumi alikuwa na kingamwili ziitwazo GAD. Miongoni mwa waliogunduliwa wakiwa na umri wa miaka 25 hadi 34, asilimia 84 ya wenye kingamwili hizo walihitaji insulini ndani ya miaka sita, ikilinganishwa na asilimia 14 ya wasiokuwa na kingamwili. Tofauti hiyo haikutokana na ulaji wala utiifu, bali na maradhi yenyewe.

Dalili za kutilia shaka

Mwaka 2006 wataalamu wa Australia walipendekeza mambo matano ya kuuliza mtu mzima anapogunduliwa kuwa na kisukari: Je, umri wake ni chini ya miaka 50? Je, alianza kwa dalili kali, kama kiu nyingi, kukojoa sana na kupungua uzito? Je, si mnene? Je, yeye mwenyewe ana maradhi mengine yatokanayo na kinga kuushambulia mwili, kwa mfano ya tezi dundumio iliyopo shingoni? Je, yupo ndugu katika familia mwenye maradhi ya namna hiyo? Ikiwa majibu mawili au zaidi ni ndiyo, inafaa kuchunguza zaidi.

Kwa mgonjwa ambaye tayari yuko katika matibabu, ishara kubwa ni vidonge kushindwa mapema licha ya kutumiwa vizuri, hasa pale uzito unapozidi kupungua. Hata hivyo, unene pekee hauondoi uwezekano huo, kwani mtu mnene pia anaweza kuwa na LADA.

Vipimo vinavyotofautisha

Kipimo cha kawaida cha sukari huthibitisha kuwa kisukari kipo: kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye dalili. Kipimo hicho hakielezi ni kisukari cha aina gani.

Vipimo viwili ndivyo vinavyosaidia. Cha kwanza ni cha kingamwili za GAD, kinachoonesha iwapo kinga ya mwili inalishambulia kongosho. Cha pili ni cha peptidi C, kitu kinachotolewa na kongosho pamoja na insulini, hivyo wingi wake hueleza kiasi cha insulini ambacho mwili bado unakitengeneza. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaelekeza kuwa mgonjwa wa LADA mwenye peptidi C chini ya nanomoli 0.3 kwa lita atibiwe kwa insulini kama mgonjwa wa aina ya kwanza. Aliye baina ya 0.3 na 0.7 afuatiliwe kwa karibu, na aliye juu ya 0.7 anaweza kuendelea na vidonge vinavyofaa huku akipimwa tena baada ya miezi sita.

Vipo vikwazo viwili vya kuzingatia katika ukanda wetu. Utafiti wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2025, uliohusu watu 894 waliopata kisukari wakiwa watoto au vijana na kutambuliwa kuwa na aina ya kwanza, ulionesha kuwa takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili zinazojulikana, ingawa walikuwa na upungufu wa insulini. Utafiti huo haukuhusu watu wazima wa makamo, lakini unatahadharisha kuwa majibu ya kingamwili yakikosa kuonesha kitu, hayatoshi peke yake kumnyima mgonjwa insulini. Aidha, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaweza kupotosha kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu, hivyo ni muhimu mgonjwa amjulishe daktari hali hizo.

Vipimo hivi havipatikani katika kila kituo. Mgonjwa mwenye dalili zilizotajwa anastahili kuomba rufaa, ikiwemo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya Zanzibar. Pale hali inapokuwa mbaya, tiba ya insulini haipaswi kusubiri majibu ya maabara.

Matibabu na usimamizi

Lengo la matibabu ni kudhibiti sukari huku chembe za beta zilizobaki zikilindwa. Vidonge vya kundi la glibenklamidi, ambavyo hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi, havipendekezwi kwa LADA. Metformini inaweza kutumika kwa baadhi ya wagonjwa. Mgonjwa asiache wala kubadilisha dawa yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Insulini inapohitajika, isichukuliwe kuwa ni adhabu wala dalili ya mwisho. Ni kurejesha kitu ambacho mwili umeacha kukitengeneza. Tangu mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwa insulini mjini Toronto, Canada, Januari 1922, dawa hii imewawezesha mamilioni ya watu kuishi, kufanya kazi na kulea familia.

Joto la pwani ni adui wa insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8, bila ya kuganda. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban wiki nne mahali penye ubaridi, pasipo jua. Kwa nyumba isiyo na jokofu, vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga mbichi uliotiwa maji katikati, husaidia kupunguza joto, ingawa ubaridi wake hupungua hewa inapokuwa na unyevunyevu mwingi, kama wakati wa masika.

Anayetumia insulini, pamoja na familia yake, wajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Akiwa na fahamu apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe baada ya dakika 15. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali. Anayepanda mikarafuu apime sukari kwanza, kwani kuzidiwa akiwa juu ya mti ni hatari kwa maisha yake.

Kwa upande mwengine, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na harufu kama ya matunda mdomoni ni ishara za damu kujaa asidi kwa kukosa insulini. Hiyo ni dharura ya hospitali saa hiyo hiyo.

Chakula hakihitaji kuwa cha kigeni. Wali, muhogo na boflo huliwa kwa kipimo, pamoja na mboga, samaki na maharage, huku chai ikinywewa bila ya sukari. Kuhusu mfungo wa Ramadhani, mgonjwa akutane na daktari wiki kadhaa kabla. Wanaotegemea insulini wamo katika hatari kubwa zaidi, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Mdalasini na dawa za miti shamba

Mdalasini ni kiungo kizuri na ni fahari ya mashamba ya Kidichi. Tafiti juu ya uwezo wake wa kushusha sukari zimetoa majibu yanayotofautiana, na hakuna kiungo wala mti unaojulikana kurejesha chembe za beta zilizokwisha kuharibiwa. Mgonjwa anaweza kuutumia katika chakula, lakini si badala ya insulini. Anayekosa insulini kabisa anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache.

Hivyo basi, mtu mzima ambaye vidonge vyake vinashindwa asione haya kurudi kliniki na kuuliza swali moja: “Nina kisukari cha aina gani?” Na familia, kabla ya kumshutumu kwa kula kwa siri, imsindikize akaulize.