Mashine ya bitcoin nyumbani Suneka: hewa unayo, stima je?

Mtu wa Mombasa akiingiza mashine ya kuchimba bitcoin nyumbani kwake, adui wa kwanza ni hewa yenyewe. Suneka mambo ni mengine. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku tunajifunika blanketi, na hata adhuhuri ya Februari hewa ya kivulini haifiki nyuzi 40, ambazo ndizo ukomo wa hewa inayoruhusiwa kuingia kwenye nyingi ya mashine hizi. Anayekushawishi ununue kiyoyozi kwa kazi hii anakulia pesa bure. Unachohitaji ni njia ya hewa.

Tuchukue Antminer S9, iliyotoka 2016 na ambayo bado inauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Ina chipu 189 kwenye bodi tatu, na hula wati 1,350 hivi mchana na usiku. Stima yote hiyo hugeuka joto. Hakuna inayopotelea kwingine. Ukiifungia katika chumba cha mita tatu kwa tatu bila tundu, hewa ya ndani ingepanda zaidi ya nyuzi 3 kila dakika kama kuta zisingefyonza joto. Ili hewa inayotoka izidi inayoingia kwa nyuzi 10 tu, unahitaji kupitisha karibu mita za ujazo 490 kwa saa, yaani hewa yote ya chumba hicho ibadilishwe kila dakika tatu.

Hapo urefu wa mlima hutudai kidogo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 14, hivyo feni ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kuliko lile ambalo maelezo ya kiwandani yanaahidi. Si tatizo kubwa, ila tundu la kuingizia hewa usilibane: sentimita 40 kwa 40 kwa mashine moja, na la kutolea lisiwe dogo kuliko hilo.

Mahali pa kutoboa ni muhimu kuliko ukubwa. Alasiri upepo hutoka upande wa ziwa, magharibi, na mara nyingi huja na mvua. Ukiweka njia ya kutoa joto upande huo, upepo unalirudisha ndani. Ukiweka ya kuingiza, unakaribisha maji. Ingiza hewa kutoka upande wenye kivuli, chini, mbali na moshi wa jikoni. Toa joto mashariki, juu, karibu na upenu. Na chumba kiwe na dari, kwa sababu mabati yaliyopigwa na jua la saa nane huongeza joto ambalo hukulipangia.

Kisha kuna kumbikumbi. Baada ya mvua za kwanza hufuata taa jioni kwa maelfu, na feni inayovuta hewa kwa nguvu huwanyonya wote. Mabawa yao hujazana kati ya mapezi ya alumini yanayopoza chipu, na bodi moja huanza kupata joto kuliko wenzake. Wavu wa mbu wa waya kwenye tundu unatosha, mradi usafishwe kila wiki, na taa ya nje izimwe. Vumbi la barabara nalo hulainika kwa unyevu wa usiku stima inapokatika na mashine kupoa, likageuka tope jembamba. Lipulize kwa hewa likiwa kavu. Usifute kwa kitambaa kibichi.

Kuhusu nyaya nitasema machache, ingawa ndipo nyumba huungua. S9 moja soketi ya kawaida itaivumilia. Mashine mpya zaidi ya wati 3,250 huvuta ampea 13 na nusu bila kupumzika, na soketi ya ampea 13 haikutengenezwa kwa hilo. Mwite fundi wa stima akuwekee waya wake wenyewe wa milimita 4 kutoka kwenye ubao, na swichi yake ya kujikata, kama anavyofanya kwa shawa ya maji moto. Radi za Gusii mnazijua. Bila athi nzuri na kifaa cha kuzuia mshtuko wa stima, mvua moja ya Aprili inaweza kumaliza biashara. Weka pia kifaa cha kuchelewesha, kama kile cha kulinda friji, ili stima ikirudi isiikute mashine mara moja.

Kelele ndiyo kazi yenyewe. S9 hutoa desibeli 75 hivi ukiwa umesimama karibu nayo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaruhusu desibeli 35 tu nje ya makazi kuanzia saa mbili usiku. Kelele hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, kwa hivyo mahali pa wazi ungehitaji kama mita 100 kufikia kiwango hicho. Eka moja ya mraba ina mita 64 kila upande, na ni wangapi hapa wamebaki na eka nzima baada ya baba kuwagawia wana? Kelele yako italala kwa jirani.

Watu hukimbilia kujenga kibanda cha mabati. Bati halizuii kelele, linaimba nayo. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu huzuia, lakini sauti itatoka kwa tundu lilelile la hewa. Dawa yake ni sanduku refu la mbao nene mbele ya kila tundu, lenye njia inayopinda mara mbili na lililotandikwa sufu ya mwamba ndani. Hewa hupinda kona kwa urahisi, sauti ikigonga ukuta hufyonzwa. Magodoro ya sponji yasikaribie hapo: karibu na joto hilo ni kama petroli.

Lakini njia nafuu zaidi ni kupunguza kasi ya feni. Ikishuka nusu, kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi na stima inayotumiwa na feni hubaki thumuni. Ili chipu zisiungue, lazima nazo zipunguziwe kazi. Programu kama Braiins OS hukuruhusu kushusha volteji na kasi ya S9, na mashine hukokotoa zaidi kwa kila wati kuliko ilipokuwa ikikimbizwa. Feni kubwa inayozunguka polepole badala ya zile ndogo zinazolia huongeza utulivu.

Sasa faida. Tangu Aprili 2024 kila bloku hulipa bitcoin 3.125, na kwa bloku 144 kwa siku hiyo ni bitcoin 450 kwa dunia nzima. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao ilivuka zetahashi 1 kwa sekunde, yaani terahashi bilioni moja. S9 ina terahashi 13.5. Bitcoin ikiwa dola 100,000 na dola ikiwa shilingi 129, fungu lake ni kama shilingi 78 kwa siku. Inakula uniti 32 hivi, na uniti ya nyumbani kwa mtumiaji mkubwa, pamoja na tozo, ni karibu shilingi 30. Unalipa 970 upate 78.

Mashine ya kisasa haikuokoi. S21 ya terahashi 200 na wati 3,500 ingeingiza shilingi 1,160 hivi na kula stima ya 2,520. Ingehitaji uniti isiyozidi shilingi 14. Wengine husema joto litafidia, wapashie vifaranga. Joto la S9 la siku nzima ni sawa na la kilo 4 za makaa. Bei ya makaa unaijua.

Wanaofaulu hawanunui stima ya nyumbani. Gridless, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa na Erik Hersman, Janet Maingi na Philip Walton, na iliyopata dola milioni 2 mwaka 2022 kutoka kwa wawekezaji wakiwemo Stillmark na Block, huweka makontena kando ya mitambo midogo ya maji na kununua umeme ambao hakuna mwingine anayeutaka saa hiyo. Hifadhi ya Virunga huko Kongo ilianza hivyohivyo mwaka 2020 katika mtambo wake wa Luviro. Na kwenye mto wetu wa Gucha, kule Migori, mtambo wa Gogo ulijengwa zamani kwa ajili ya mgodi wa Macalder.

Kijito kinachopitisha lita 50 kwa sekunde na kuanguka mita 10 kinaweza kutoa karibu kilowati 3, baada ya kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hizo zinaendesha S9 mbili zenye kuingiza shilingi 156 kwa siku. Kinyozi, friji ya maziwa na kuchaji simu zitalipa zaidi ya hapo mchana. Mashine iwashwe saa nne usiku, maduka yakishafungwa, na izimwe alfajiri. Na Januari kijito kikipungua, ndiyo ya kwanza kukatwa.