Askari wa Nyanza Kusini na Kambi ya Danane

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za kambi za mateso zilizofunguliwa Ulaya mwaka 1945. Tarehe 27 Januari mwaka huo Warusi walifika Auschwitz katika Polandi. Tarehe 4 Aprili Waamerika, na miongoni mwao askari wa Divisheni ya 89, waliingia Ohrdruf katika Ujerumani. Na tarehe 15 Aprili Waingereza waliingia Bergen-Belsen. Habari hizo zina jamaa hata Kendu Bay, kwani Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani, ukoo wake kwa upande wa baba una asili yake huko, na ndugu wa bibi yake mzaa mama alikuwa askari katika Divisheni ile ya 89.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba karibu miaka minne kabla ya hapo jeshi lililotoka Kenya, lenye Waafrika wengi ndani yake, lilifika penye kambi ya mateso katika pwani ya Somalia. Kambi hiyo iliitwa Danane.

VIJANA WALIVYOINGIA JESHINI

Siku za vita hivyo, nchi ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay ilikuwa sehemu ya wilaya moja, South Kavirondo, iliyoitwa baadaye South Nyanza, na boma lake lilikuwa Kisii. Vijana wa Kijaluo, wa Kisuba, wa Kikuria na wa Kikisii waliingia K.A.R., yaani King's African Rifles, au vikosi vya madereva, vya kazi na vya hospitali. Wengine walijiandikisha kwa hiari yao, wakitafuta mshahara na fedha za kulipia kodi. Wengine walipelekwa na machifu waliokuwa wameamriwa kutoa idadi fulani ya watu. Watu wa Homa Bay na Kendu Bay walipanda meli ya ziwani mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu wakapanda gari la moshi. Kenya peke yake ilitoa askari karibu 98,000. Huko jeshini walikutana na watu wa Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili.

Yafaa kueleza kidogo mpango wa jeshi. Askari wa miguu hupangwa katika bataliani, na bataliani moja huwa na watu kiasi cha 800. Bataliani tatu hufanya brigedi. Na brigedi mbili au tatu, pamoja na mizinga, mainjinia, waganga na malori yake, hufanya divisheni. Divisheni basi ni kama mji mzima unaotembea, na ndani yake mpishi na dereva wana kazi isiyoweza kukosekana, kama mpiga bunduki.

KUTOKA MTO JUBA MPAKA ADDIS ABABA

Waitaliani waliishambulia nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1935, na mwezi wa Mei 1936 waliuteka mji wake mkuu, Addis Ababa. Italia ilipoingia katika vita vikuu mwaka 1940, mpaka wa kaskazini wa Kenya ulikuwa mahali pa vita. Mwanzoni mwa mwaka 1941 Jenerali Alan Cunningham aliingia Somalia kutoka Kenya akiwa na divisheni za Waafrika, ya 11 na ya 12, pamoja na askari wa Afrika Kusini. Katika divisheni hizo walikuwamo watu wa Nigeria na wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na Bataliani ya 5 ya K.A.R. kutoka Kenya.

Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, mto Juba ukavukwa, na tarehe 25 Februari Wanigeria wakaingia Mogadishu. Toka hapo jeshi lilishika njia ya Jijiga na Harar. Brigedi ya 22 ilivuka mto Awash mapema mwezi wa Aprili, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikasalimu amri. Safari hiyo yote, tangu Kismayu, haikutimia miezi miwili. Tarehe 5 Mei 1941 Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake, miaka mitano kamili tangu Waitaliani walipouteka.

KAMBI YA DANANE

Danane ipo kando ya bahari, kusini ya Mogadishu. Waitaliani waliifungua kambi hiyo wakati wa vita vyao na Wahabeshi. Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili walimrushia mabomu Marshal Graziani, mtawala wa Kiitaliani, huko Addis Ababa. Maelfu ya watu waliuawa kwa kisasi, na wengine wengi walikamatwa na kupelekwa Danane: wakubwa wa nchi, makarani, watumishi wa dini, hata wanawake na watoto. Hawakupelekwa mbele ya hakimu, wala hawakuambiwa siku ya kutoka.

Maji ya Danane yalikuwa ya chumvi, chakula kilikuwa kibovu, joto lilikuwa kali, na homa ya malaria iliwamaliza watu wa milimani wasioizoea. Ofisa mmoja wa Kihabeshi aliyefungwa huko alieleza baada ya vita kwamba kati ya watu 6,500 waliopita katika kambi hiyo, 3,175 walikufa. Wanahistoria wanabishana juu ya hesabu hiyo, lakini hawabishani kwamba vifo vilikuwa vingi. Danane haikuwa sawa na Auschwitz, ambako zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa mpango maalumu; lakini msingi wake ulikuwa ule ule, yaani kumfungia mtu, si kwa tendo alilolifanya, bali kwa vile alivyo. Mwaka 1941, jeshi lililotoka Kenya lilipoitwaa pwani hiyo, mambo ya Danane yalikoma.

BURMA

Kazi haikuishia hapo. Mwezi wa Februari 1943 iliundwa divisheni nyingine, ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, na mkuu wake akawa Jenerali Fowkes, aliyekuwa amewaongoza askari wa K.A.R. katika Uhabeshi. Ilipelekwa Ceylon, kisha Burma kupigana na Wajapani. Njia ya bahari yenyewe ilikuwa ya hatari: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na manowari ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200.

Katika miezi ya mvua kubwa ya mwaka 1944 divisheni hiyo iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, mahali pa matope na malaria, ambapo malori yalizama na mizigo ikaangushwa kwa ndege. Tarehe 2 Desemba iliuteka mji wa Kalewa, na ng'ambo ya mto Chindwin ikapatikana.

WALIPORUDI NYUMBANI

Vita vilipokwisha, askari hao walirudi kwa njia ile ile ya gari la moshi na meli. Walikuwa wamesaidia kurudisha uhuru wa Wahabeshi, lakini kwao walikuta kodi na kipande. Walowezi wengine waliotoka vitani walipewa mashamba. Askari wa Kiafrika hakupewa.

Kisha, baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Serikali ya kikoloni yenyewe ilijenga kambi za kuwafungia maelfu ya Wakenya bila hukumu. Mbili zilikuwa katika visiwa vya ziwa lile lile, Mageta na Saiyusi. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa mpaka wakafa katika kambi ya Hola. Mwezi wa Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilisema kwamba inasikitika, ikakubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa. Na hata baada ya uhuru, sheria ya kumzuia mtu bila hukumu iliendelea kutumika Kenya kwa miaka mingi.

Haya yaonyesha kwamba askari aweza kulivunja lango la kambi, lakini hawezi kuzuia lisijengwe jingine. Hilo ni kazi ya sheria, na ya watu wanaoijua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata. Kwa wazee wa Nyanza Kusini waliosikia kilio cha nchi nyingine wakaenda mbali namna ile, heshima iliyo bora ni kwamba wajukuu wao wakijue kifungu hicho, na kwamba habari za safari yao ziandikwe katika kila ukoo kabla hazijasahauliwa.