Mabafu ya Hosteli: Hesabu Kabla ya Tofali

Kimironko, katika wilaya ya Gasabo mjini Kigali, pana soko kubwa na kituo cha mabasi, na kwa hiyo hapaishi watu watafutao kitanda cha bei nafuu. Familia yenye kiwanja, au askari aliyepokea kiinua mgongo, huona hosteli kuwa mradi wa maana. Vyumba hupimwa kwa uangalifu. Mabafu hupewa pembe iliyosalia. Hapo ndipo fedha ya uzeeni huanza kupotea, kwani mpangaji asiyeoga kwa wakati huhama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme wakazi ni 48, na wote wataka kuoga kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Kila mmoja akitumia dakika 10, pamoja na kuvua na kuvaa, bafu moja litahudumia watu 12. Yatosha mabafu manne? Ndiyo, iwapo wanawake na wanaume ni sawa kwa idadi. Wakiwa wanawake 30 na wanaume 18, yatahitajika matano: matatu ya wanawake, mawili ya wanaume. Aliyepata kupanga foleni kambini kabla ya paredi hahitaji kuelezwa zaidi. Vyoo navyo visichanganywe na mabafu, ili anayeoga asimzuie mwenye haja. Mwongozo wa Sphere, utumikao katika kambi za wakimbizi, wataka choo kimoja kwa watu 20. Nyumba ya kulipiwa haina budi kupita kiwango hicho.

Bomba la mvua litoalo lita 8 kwa dakika, likifunguliwa dakika tano, humaliza lita 40. Watu 48 watatumia karibu lita 2,000 asubuhi moja, nguo hazijafuliwa bado. Kwa sababu hiyo tangi la lita 5,000 si anasa, hasa wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Tangi lisiwekwe chini: kila mita 10 za kimo huleta kani ya baa moja tu, na lililo mita tatu juu ya bomba hutoa maji manyonge. Mvua nayo isiachwe ipite. Milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni karibu lita 1,000, zifaazo kusukuma choo na kusafisha sakafu.

Kigali ni mji wa vilima, na nyumba nyingi humwaga maji taka katika makaro yake zenyewe. Karo likijengwa dogo, uchafu humshukia jirani wa chini, na ugomvi hufika kwa wakuu wa mtaa. Lichimbwe mahali ambapo gari la kunyonya laweza kufika.

Sakafu iteremke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na vigae viwe vya kukwaruza, si vya kung'aa. Milango ya upande wa wanawake ifike chini, iwe na komeo la ndani, na taa iwake njia nzima kutoka vyumbani, kwa maana saa 11 alfajiri kungali giza.