TB sugu kwa watoto Kilifi: nani aulizwe nini?

1/ Mikutanoni Malindi utasikia: "Dawa za TB ni bure, sasa shida iko wapi?" Bure ni kweli. Lakini mtoto lazima kwanza apimwe.

2/ TB sugu haisikii rifampisini, dawa kuu. Mtoto mara nyingi huambukizwa na mtu mzima wa nyumbani, na akiwa mdogo hajui kutoa makohozi. Kinyesi pia hupimwa. Asipopimwa, anaweza kumeza dawa zisizomfaa miezi mizima.

3/ Tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. Mpango wa TB ni wa serikali kuu, na wafadhili hubeba sehemu kubwa.

4/ Anayetaka ugavana muulize: sampuli ya mtoto wa Ganze inafikaje maabara? Anayetaka ubunge: wafadhili wakiondoka, bajeti iko?